Kaizari katika koti la Gécamines

Kwa miaka mitano ya chuo kikuu nilisoma Shakespeare bila kumsikia hata mara moja. Tulikuwa wanafunzi wa Kiingereza hapa Lubumbashi, na tamthilia ya Julius Caesar ilitufikia kama daftari la maelezo: mwalimu anasoma, sisi tunaandika. Mtunzi alizaliwa 1564, akafa 1616. Sehemu ni tano. Mada ni urafiki, usaliti na utawala. Kitabu chenyewe kilikuwa fotokopi moja iliyofifia, iliyozunguka watu arobaini, na kurasa za katikati zilikuwa zimekwisha kupotea kabla ya kunifikia. Mtihani nilifaulu vizuri. Niliweza kueleza kwa nini Brutus, mmoja wa wauaji wa Kaizari, anahutubia umati kwa maneno ya nathari ilhali Antony, rafiki wa marehemu, anahutubia kwa mashairi, lakini sikuwahi kusimama mbele ya mtu nikayatamka mashairi hayo kwa kinywa changu.

Kosa hilo nililibeba zima zima hadi darasani kwangu. Nilipoanza kufundisha mwaka 2012, katika shule moja ya sekondari ya komini ya Kenya (Kenya ni komini yetu ya hapa mjini, wageni wengi huchanganya na nchi), nilifanya kama nilivyofanyiwa. Niliandika neno la Kiingereza ubaoni, nikalieleza kwa Kifaransa, wanafunzi wakanakili. Ukurasa mmoja ulikula wiki tatu. Watoto walikuwa na adabu, waliandika kila kitu, na macho yao yalikuwa dirishani. Miaka karibu tisa nilifundisha hivyo, nami niliwalaumu kwamba hawapendi kusoma. Leo hilo linaniuma kuliko fedha zote nitakazozitaja mbele.

Kilichonigeuza ni swali la msichana mmoja wa dawati la nyuma, mwaka 2021. Nilikuwa nimemaliza kueleza kwamba Kaizari ameuawa na kwamba Brutus anawahutubia Warumi. Akainua mkono.

«Madamu, huyu Brutus aliua rafiki yake, kisha akaenda kueleza batu juu ya nini. Alisema namna gani?»

Nikampa muhtasari. Akatikisa kichwa. «Hapana, madamu. Alisema namna gani?»

Basi nikafungua kitabu nikasoma, kwanza Brutus, halafu Antony, kwa Kiingereza, bila kusimama kueleza. Sidhani walielewa hata robo. Lakini nilipofika mahali ambapo Antony anarudia mara ya tatu kwamba Brutus ni mtu wa heshima, kijana mmoja wa mbele aliguna, kisha akamgonga mwenzake kiwiko. Alikuwa amelisikia. Maneno yaleyale, mara ya kwanza ni sifa, mara ya tatu ni kisu. Hakuna kamusi iliyomwambia hivyo, ni sauti tu. Nilirudi nyumbani kwa miguu siku hiyo, nikawa najisomea njiani.

Kwa mwalimu anayeanza, ushauri wangu wa kwanza ni huo: usianze ukurasa wa kwanza. Anza pale watu wanapogombana. Soma kwa sauti hotuba nzima kabla ya kueleza neno hata moja, hata kama Kiingereza chao ni kidogo, kisha waulize wameona nini.

Nilijua kwamba Mwalimu Nyerere aliifasiri tamthilia hii. Chapa ya kwanza ilitoka mwaka 1963, akiwa tayari Rais wa Tanganyika. Aliirekebisha, ikatoka tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule ilipotoka tafsiri yake nyingine, Mabepari wa Venisi, yaani The Merchant of Venice ya Shakespeare. Kitabu hicho nilikitafuta mjini bila mafanikio. Mwishowe nilimwagiza dereva wa lori, ndugu ya jirani yangu, anayepeleka shaba Dar es Salaam. Kilipita Tunduma, kikavuka Zambia, kikaingia Kasumbalesa, na baada ya wiki sita nilikishika mkononi. Kilinigharimu dola 15 pamoja na shukrani ya dereva. Usiku ule sikulala.

Kiswahili cha Nyerere ni kizuri sana. Kina uzito na mwendo, na mtu akikisoma polepole anaona jinsi kiongozi mwenye shughuli za nchi nzima alivyokaa akatafuta neno moja moja. Niliamini kazi imekwisha: tutagawana sehemu, tutakariri, tutacheza. Darasa la mwaka wa tano lilikuwa na wasichana 31 na wavulana 12. Jukwaani kwa Shakespeare wanawake hawakuruhusiwa, wavulana ndio waliovaa nguo za kike. Tamthilia hii ina wanawake wawili tu, Portia na Calpurnia. Kwetu ilibidi tugeuze, na Antony akawa yule msichana wa swali.

Walikariri vizuri mno. Kila koma ilikuwa mahali pake. Na jukwaani walikuwa kama watu wanaosoma barua ya mtu mwingine. Sikuelewa tatizo ni nini hadi nilipomwalika mzee mmoja wa mtaa wetu aliyewahi kucheza teatri ya Kiswahili zamani. Hapa Lubumbashi teatri hiyo ina mizizi. Kundi la Mufwankolo lilijulikana nyumba kwa nyumba, redioni na kwenye televisheni, na kazi yao haikuanzia kwenye karatasi: walikubaliana hadithi, wakagawana nafasi, maneno yakazaliwa kwenye mazoezi. Yule papa alikaa kwenye kiti cha nyuma, akatazama saa nzima bila kusema. Tulipomaliza akaniita pembeni.

«Mwanangu, ile Kiswahili ni muzuri. Lakini ni ya barua. Mutu akikasirika hasemake vile.»

Nilikasirika siku mbili. Kwangu kile kitabu kilikuwa heshima, ushahidi kwamba lugha yetu inaweza kubeba chochote. Tena niliogopa wazazi. Hapa, mtoto akiandika «batu» badala ya «watu» anakatwa alama, sasa mimi mwalimu niweke «batu» mdomoni mwa Antony? Siku ya tatu nikawaambia wanafunzi wafunge vitabu, waigize njama ya kumuua Kaizari kwa maneno wanayotumia nyumbani. Cassius alimshika Brutus mkono, akamvuta pembeni, akaanza kunong'ona. Nilisogea mbele kwenye kiti changu ili nisikie. Kwa miezi miwili sikuwahi kusogea hivyo.

Tukajiwekea utaratibu. Kila onyesho tunalisoma kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili cha Nyerere ili maana isitupotee, kisha tunafunga vitabu na kulicheza kwa kinywa chetu. Mwanafunzi mmoja anaandika kinachotoka. Jambo tulilolisahau mwanzoni ni kurudi kwenye maandishi na kuangalia tumepoteza nini. Kwa Shakespeare, Brutus anapima maneno kama muuza unga mwenye mizani, upande huu na upande huu, na Antony ndiye anayelia na kuwasha moto. Kwetu wote wawili walikuwa wanapiga kelele. Ilibidi tuanze upya. Brutus wetu akaishia na sentensi hii, ambayo mpaka leo naipenda: «Haiko eti Kaizari nilimupenda kidogo. Ni Roma nilipenda kumupita.» Aliisema kwa utulivu, mikono mgongoni, kama prefe, mkuu wetu wa shule, anayesoma majina ya waliofukuzwa.

Kabla ya hapo nilikuwa nimepoteza wiki mbili nzima kwenye mizani. Mstari wa Shakespeare kwa kawaida una silabi kumi, nyepesi kisha nzito, nyepesi kisha nzito. Nikataka mistari yetu nayo iwe na mizani kumi. Lakini Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na viambishi vyetu vinarefusha neno. «Nilikupenda» peke yake limekwisha kula tano. Watoto walikuwa wanahesabu vidole wakati mwenzao anakufa. Niliachana na hesabu, nikawaambia wapime kwa pumzi: mstari mmoja, pumzi moja. Hilo lilitosha.

Sasa nije kwenye lile neno. Antony anaposema Brutus ni mtu wa heshima, tulijaribu kila njia. «Mutu wa heshima», «mutu muzuri», «mutu wa maana». Yote yalikuwa sahihi na yote yalianguka chini. Siku moja aliyecheza Casca, mmoja wa wauaji, akasema, akiwa amekaa chini anafunga kiatu: «Juu ya nini tuseme mutu wa heshima? Hapa kwetu si tunabaitaka onorable?»

Darasa zima lilinyamaza, kisha likalipuka. Onorable ndilo jina tunalowapa wabunge wetu, kama Watanzania wanavyosema mheshimiwa. Na ndilo neno lenyewe la Shakespeare, lile la Kiingereza lenye asili moja na letu la Kifaransa. Nikakumbuka jinsi Nyerere alivyofanya na yule mfanyabiashara wa Venisi. Angeweza kumwita mfanyabiashara. Alichagua «bepari», miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na kwa neno hilo tamthilia nzima ikahamia nchini kwake. Tukaandika: «Na Brutus ni onorable. Na bale bote, bote ni baonorable.»

Hapo ndipo nilipopaswa kufikiri kwamba ni 2023, mwaka wa uchaguzi.

Ruhusa ya kucheza hadharani ilinichukua safari nne kwenye ofisi moja, na lawama kubwa ni yangu. Nilikwenda mikono mitupu, nikidhani mwalimu anayefanya teatri ya shule hahitaji karatasi. Mara ya pili nilikwenda na barua lakini bila muhtasari. Mara ya tatu mhusika akaniuliza, «Huyu Kaizari ni nani?» Nilielewa anachouliza, na badala ya kujibu kwa kifupi, nikaanza kujigamba. Nikamwambia tamthilia hii imechezwa dunia nzima, kwamba Orson Welles aliicheza New York mwaka 1937 kwa mavazi ya mafashisti wa wakati ule, kwamba wafungwa wa kisiwa cha Robben walikuwa na nakala ya Shakespeare iliyopita mkono kwa mkono, na Nelson Mandela akatia saini yake pembeni ya maneno ya Kaizari kuhusu waoga wanaokufa mara nyingi kabla ya kifo chao, tarehe 16 Desemba 1977. Yote ni kweli, na kwa wanafunzi wangu yalikuwa mafuta ya moyo. Kwa mtu mwenye muhuri yalikuwa dikteta, mfungwa na mauaji. Akafunga faili.

Tena nilikuwa nimeandika kwenye barua kwamba Kaizari atavaa abakosti, ile suti isiyo na tai, na kofia ya ngozi ya chui. Wakongo wote wanajua hiyo ni picha ya Mobutu.

Mara ya nne nilikwenda na karatasi moja ya Kifaransa: hadithi kwa mistari kumi na mbili, mwaka ilipoandikwa, 1599, kwamba inahusu Roma ya kale, kwamba ni zoezi la darasa la Kiingereza, na orodha ya mavazi isiyo na abakosti. Nikaomba muhuri wa mapokezi kwenye nakala yangu. Nikaupata, na ruhusa ikafuata baada ya siku tisa. Ukienda ofisi kama hiyo, jibu ulichoulizwa, basi. Hotuba mwachie Antony.

Bila abakosti, Kaizari angevaa nini? Mashuka tuliyajaribu, yakafanana na watu waliotoka kuoga. Msichana wetu wa Antony akaleta koti la kazi la babu yake marehemu, aliyefanya kazi Gécamines, kampuni ya shaba ya serikali, miaka mingi. Koti zito, rangi ya buluu iliyopauka hadi kijivu, kola imeliwa na jasho, na kifuani na begani lilikuwa na matundu madogo, meusi pembeni, ya cheche za fonderi, kiwanda cha kuyeyusha shaba. Bibi yake alilitoa kwa sharti kwamba lirudi kama lilivyo. Nililipokea kwa mikono miwili.

Katika hotuba yake Antony anainua joho la Kaizari mbele ya umati. Anawaambia wanalijua joho hili. Anakumbuka jioni Kaizari alipolivaa mara ya kwanza, wakati wa kiangazi, ndani ya hema lake, siku aliyowashinda Wanervii. Halafu anaonyesha tundu moja moja: hapa ndipo kisu cha Cassius kilipopita, tazameni Casca mwenye wivu alivyopararua, hapa alichoma Brutus aliyependwa. Msichana alipoingiza kidole kwenye tundu la bega kwa mara ya kwanza, katika mazoezi, darasa lilikuwa kimya hata tukamsikia muuza mikate akipita barabarani.

Nilichagua tarehe 15 Machi. Ndiyo siku Kaizari aliyouawa, mwaka 44 kabla ya Kristo, ile ambayo mpiga ramli anamwonya ajihadhari nayo. Niliipenda tarehe hiyo kama mtu anavyopenda wazo lake mwenyewe, na sikutazama mbingu. Mtu wa Lubumbashi anayejua kwamba mvua zetu zinanyesha hadi Aprili, akapanga onyesho katikati ya Machi, tena chini ya mabati! Ilikuwa zamu yangu ya likelemba ya walimu, mchango wetu wa kupokezana, dola 150. Ukumbi ulichukua 80, jenereta na mafuta yake 35, vitambaa na rangi 28. Nyingine 40 nilikopa kwa usafiri wa wanafunzi na maji ya kunywa.

Mvua ilianza Kaizari alipokuwa anaanguka. Antony alipopanda juu ya meza, sikusikia kitu isipokuwa mabati. Nilimwona mdomo unacheza, mishipa ya shingo imesimama, machozi yanamtoka, na mtu wa safu ya tatu amekinga sikio. Watu walikuwa karibu tisini. Walivumilia dakika kumi, kisha wakaanza kuondoka, viti vya plastiki vichwani kama miavuli. Antony alimaliza hotuba yake yote mbele ya watu kumi na wanne. Vitambaa vilikuwa vimeharibika pia, kwa sababu damu tuliitengeneza kwa tomati ya mkebe, nayo haikutoka hata kwa sabuni ya kipande.

Deni nililimaliza Agosti. Lakini usiku ule kilichoniumiza ni kumpeleka yule msichana kwao, akiwa amekumbatia koti ndani ya mfuko wa plastiki, bila mmoja wetu kusema neno.

Jibu lilikuwa kwenye daftari langu la zamani la chuo, mstari mmoja niliounakili bila kuufikiria. Tarehe 21 Septemba 1599, msafiri mmoja kutoka Uswisi, Thomas Platter, aliona tamthilia ya Kaizari jijini London, katika jumba lililoezekwa nyasi, mnamo saa nane mchana, baada ya chakula. Saa nane mchana! Jumba la Globe lilikuwa wazi katikati, watu wengi walisimama chini, mwanga ulikuwa wa jua. Shakespeare hakuwa na jenereta. Mimi ndiye niliyekuwa naleta gharama ambazo tamthilia haikuziomba kamwe. Tukaamua: uwanja wa shule, mchana, kiangazi, watu wamezunguka pande tatu, kila mmoja aje na kiti chake.

Kabla ya hapo tulikuwa na jambo jingine la kuamua. Kuna onyesho fupi baada ya hotuba ya Antony. Umati uliochomwa na maneno yake unakutana njiani na mtu anayeitwa Cinna. Yeye ni mshairi, lakini mmoja wa wauaji naye anaitwa Cinna. Wanamzunguka, wanamuuliza jina lake, anakwenda wapi, anakaa wapi, ana mke au hana. Nilikuwa nimelikata tangu mwanzo, kwa haraka, nikiliona kama kichekesho cha kupumzisha watu. Mwezi wa Aprili wanafunzi wakaomba kulijaribu. Wakamzunguka mwenzao.

«Jina yako nani? Unaenda wapi? Unakaa wapi? Uko na bibi?»

«Miye ni Cinna wa mashairi! Siko ule Cinna!»

«Mumupasule juu ya mashairi yake mabaya! Jina njo ile ile. Mungoe jina mu roho yake, kisha mumuachilie!»

Walikuwa wanacheka. Yule papa wetu wa teatri alisimama, akatembea hadi katikati, akamshika Cinna bega. «Muache kwanza», akasema. Akaketi chini pamoja nao, akawasimulia mwaka 1992 na 1993, wakati mkoa huu ulipoitwa Shaba, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa, nyumba zikaporwa, watu wakalala miezi kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi wakingoja treni ya kuwarudisha Kasai, ambako wengine hawakuwahi kufika hata siku moja, na wengi wakafia hapohapo. Alisema jirani yake aliulizwa swali hilohilo, mlangoni, na vijana aliowajua: jina lako nani. Jina lilitosha.

Darasani kwangu kulikuwa na majina ya huko na majina ya huku. Nilijua, nao walijua. Tulikaa kimya muda mrefu. Kisha aliyekuwa Cinna, ambaye jina lake ni la huku, akasema anataka onyesho libaki. Wengine wakakubali, wawili wakakataa.

Hapa sikutaka kurudia pupa yangu. Niliwaita wazazi, Jumamosi mbili, nikawaeleza onyesho lenyewe kabla ya mtu yeyote kuliona. Mama mmoja alilia, akasema lichezwe. Baba mmoja alisema mtoto wake hatakuwa ndani ya umati ule, nami nikamweka mtoto upande wa ngoma, bila kumbembeleza. Tuliamua pia kwamba Cinna hatapigwa mbele ya watu: umati unamfunika, ngoma inasimama, umati unaondoka, na chini inabaki karatasi moja ya mashairi. Ukifundisha tamthilia hizi za kale mahali penye kidonda, usiruke sehemu inayowasha na usiilete kwa ghafla. Ongea kwanza na wenye kidonda. Mimi nilikaribia kuifanyia kichekesho.

Tarehe 27 Mei, Jumamosi, saa nane mchana, mbingu ilikuwa safi na upepo wa kiangazi ulikuwa unasukuma vumbi jekundu uwanjani. Watu walikuja na viti, vigoda, mikeka, watoto mgongoni. Nilikata tamthilia hadi dakika hamsini na tano. Visu vya mbao tulivileta vimefungwa ndani ya gunia, hatukuvitembeza barabarani, kwa sababu kisu kilichopakwa rangi ya fedha kwa mbali ni kisu. Damu ilikuwa utepe mwekundu. Gharama ya siku nzima ilikuwa dola 22, nyingi zikiwa za maji na mandazi.

Sitaeleza yote. Calpurnia alisahau maneno, akapiga magoti na kumshika Kaizari miguu, ikawa bora kuliko tulivyopanga. «Baonorable» ilipotoka mara ya kwanza, wachache walitabasamu. Mara ya pili walicheka. Mara ya tatu hawakucheka tena, wakaanza kuijibu wenyewe, «Ndiyo, onorable!», na sauti yao haikuwa nzuri kusikia. Nilitafuta kwa macho mtu wa ofisi, alikuwa amekaa mbele, naye alikuwa anatazama koti.

Maana msichana alikuwa ameliinua kwa mikono miwili juu ya kichwa.

«Hii koti munaijua», alisema.

Wazee wa mbele hawakungoja. «Tunaijua», wakajibu. Mmoja akavua kofia. Ndipo akaingiza kidole begani, akataja jina la Casca, na mimi nikageukia ukuta.

Jioni tulilirudisha. Nilimsindikiza hadi kwao, nikiwa na hofu, kwa sababu kwenye mkono kulikuwa na mshono uliofumuka siku hiyo, na nilikuwa nimebeba sindano na uzi ili nikiri na nishone palepale. Bibi yake, ambaye alikuwa uwanjani kwenye kiti chake tangu saa saba, alilitandaza mapajani. Mshono hakuutazama. Alitafuta bega, akapitisha kidole chake kwenye tundu, akalizungusha polepole.

«Ile tundu munaitaka ya Casca», akamwambia mjukuu wake, «ni moto ya fonderi. Mwaka ule njo tulizala baba yako.»